Mgomba wa Sehemu ya Sita

Mimi ndiye niliyewavalisha watu wa anga. Ukimwona Kamanda Baluku kwenye televisheni anashuka katika chombo chake, mavazi yanameta, usifikiri yametoka Ulaya. Ni turubai la lori na bitana ya makoti, nimeyashona mwenyewe kwa cherehani ya mguu kwenye baraza ya duka mjini Kasese, wapita njia wakiniuliza nashonea bwana harusi au nashonea marehemu. Kofia ni helmeti ya boda tuliyoipaka rangi ya fedha. Huzaifa, kijana aliyecheza kamanda, alitokwa jasho humo ndani hadi kila tukipumzika namkamulia fulana. Alilalamika, nikamwambia atafute anga nyingine yenye baridi.

Naitwa Musoki. Mdomo wangu hauna breki na hasira zangu ziko karibu, nakuambia mapema usije ukashangaa mbele. Kiswahili nilikipata Hima, baba akifanya kazi kwenye kiwanda cha saruji pamoja na Wakenya, na nikaolewa Bwera, mpakani, ambako Kiswahili chenyewe kimevuka kutoka Kongo na kina mambo yake, watu ni batu na wote ni bote. Kwa hiyo nawasikia watu wote, na wote nawajibu.

Tamthilia yetu iliitwa Njia ya Baluku. Mwongozaji wake, Nuwamanya, alikuwa Mnyankole aliyekulia Kampala, na Kiswahili alikirithi kwa baba yake mwanajeshi, hivyo hata akikuomba chumvi ungedhani anakukamata. Simama hapo. Leta hiyo. Kimya. Mpiga picha alikuwa Okello, mtu mrefu asiye na maneno, na wa sauti alikuwa Drani, ambaye muda wote alikuwa akitukana malori. Tulipopiga picha za sayari kwenye yale mashimo ya kreta upande wa Kikorongo, kila Huzaifa akisema neno la kamanda, lori linapiga honi pale njia panda, na Drani anavua vile vidude vya masikioni anavitupa majanini. Tulicheka sana kule. Nasema ili ujue kwamba hawakuwa watu wabaya.

Hadithi ya sehemu ya sita ilikuwa hivi. Baluku anaondoka kwenda sayari ya mbali, lakini wakati wa huko si wakati wa huku. Yeye anakula na kulala kidogo tu, nyumbani miaka imepita. Mama yake anangoja mpaka anachoka, na ukoo unaamua kumzika. Maiti hakuna, kwa hiyo wanafanya vile tunavyofanya mtu akipotea na mwili usionekane: wanakata mgomba, wanaufunga katika blanketi, wanauombea na kuuzika, na kuanzia siku hiyo mtu huyo amekufa. Hata akirudi kesho yake kwa miguu yake, ukoo umeshamlia. Basi Baluku anarudi na kukuta kaburi lake uani. Nuwamanya desturi hiyo aliijua kwa bibi yake, akaona inakaa vizuri na mambo ya sayari.

Niliposoma karatasi zile nilimrudishia mkononi. Nikamwambia sehemu hiyo sishoni hata kifungo.

"Kwa nini?" akauliza.

"Kwa sababu nina bwana."

Hakuelewa, nami sikumweleza. Alinibembeleza kwa Kiswahili chake cha kambini mpaka nikakubali kumvalisha Huzaifa peke yake, na vitu vya mazishi visipite mikononi mwangu.

Wewe nitakueleza. Bwana wangu ni Yonasani, dereva wa lori. Alikuwa akipakia saruji Hima, anavuka mpaka pale Mpondwe, anaipeleka Butembo kule Kongo, na anarudi na maharage na mbao. Miaka minne kabla ya tamthilia hiyo alivuka kama kawaida. Lori lilionekana ng'ambo ya Kasindi limeungua. Utingo wake alipatikana, akazikwa kwao. Yonasani hakupatikana, si mzima wala mfu, wala kiatu chake. Niliuliza kwa askari wa pande zote mbili mpaka wakawa wananiona kwa mbali wanaingia ndani. Afande mmoja aliniambia, mama, nenda nyumbani, mtu akitaka kurudi anarudi. Nilimwambia maneno ambayo siyarudii hapa.

Tsongo, baba mdogo wa Yonasani na mkubwa wa ukoo sasa, alisubiri mwaka ukaisha, kisha akaja na wanaume kuukata mgomba. Mama mkwe wangu, Zerida, alisimama mlangoni mwa shamba lake na panga mkononi. Mwanamke mfupi yule, mnyamavu, hajawahi kumwinulia mtu sauti. Akawaambia, "Mugomba haitoki hapa. Munataka kuzika mutu, munizike mimi." Wanaume wakarudi. Siku hiyo nilimpenda kuliko mama aliyenizaa.

Tangu hapo tulikuwa tunangoja pamoja. Kila Jumamosi natoka Kasese naenda Bwera, namkuta ameshapika. Anatenga sahani tatu, ya tatu anaifunika, tunasubiri kidogo, halafu tunagawana. Tunasema Yonasani akija ataikuta nyumba vipi, paa lile atalibadilisha, ataleta wapi mabati. Watu walisema wale wawili wamerukwa na akili. Sawa, lakini tulirukwa wawili, na ukiwa na mwenzako si wazimu, ni maisha tu. Kuna Bamwine, fundi wa ujenzi kule Kitswamba, aliyefiwa na mkewe. Mtu mpole, sina ubaya naye hata kidogo. Alinijia na maneno yake ya heshima, nikamkata kauli: mimi ni mke wa mtu. Akaomba radhi, akaenda.

Sasa sikia. Nuwamanya alitaka uwanja wenye migomba nyuma na milima kwa mbali. Akaenda Bwera kuuliza, akaangukia kwa Tsongo, na Tsongo akampeleka moja kwa moja kwa Zerida. Mimi nilikuwa Kasese narekebisha suti. Asubuhi ya kazi gari la nguo likashuka Bwera, likakata kona ninayoijua, likasimama. Nilifungua mlango nikaona mlango wa mama mkwe wangu, na mbele yake shimo.

Lilikuwa limechimbwa vizuri, kingo zimenyooka. Nilishuka nikaenda moja kwa moja ndani.

Zerida alikuwa jikoni anawapikia chai. Nikamuuliza kama anajua hawa watu wamekuja kufanya nini. Akasema wamemweleza vizuri, ni picha ya mtu aliyekwenda juu akapotea. Alisema hivyo bila kuniangalia, anapuliza moto.

Mama wa Baluku alikuwa ameletwa kutoka Kampala, mwigizaji anayeitwa Kukunda. Wamempaka mikunjo usoni na unga kichwani. Majirani waliitwa wawe waombolezaji, wakaambiwa chakula kipo, waje mikono mitupu. Hawakuja mikono mitupu. Docus, jirani wa karibu, alikuja na mzigo wa kuni kichwani. Wengine walileta ndizi, mwingine sufuria, mwingine mkeka. Tsongo alikuja na koti lake la kanisani. Nuwamanya alifurahi, akatuambia tuone jinsi watu hawa wanavyojua kuigiza. Mimi nilitazama zile kuni, vitu vya kupeleka msibani, na nikaanza kuogopa kweli. Mtu haumizi mgongo wake kubeba kuni kwa ajili ya televisheni.

Kukunda akaanza kulia. Maskini, alijitahidi. Alijipiga kifua, akaruka, akajitupa kwenye udongo, akainuka na kufuta gauni. Wanawake wa Bwera walijizuia, kisha mmoja akashindwa, na wote wakacheka. Docus akasema huyu analia kama mutu alikanyagiwa kidole. Nuwamanya akaamuru irudiwe. Wakacheka tena. Akarudia mara nyingine, na safari hii hata Okello alikuwa anatikisika nyuma ya kamera. Kukunda akaenda kukaa ndani ya gari, akakataa kutoka.

Hapo Nuwamanya akageuka huku na huku, jasho linamtiririka, na macho yake yakamwangukia Zerida aliyesimama na birika la chai.

"Mama. Wewe. Njoo hapa."

"Huyo hapana," nikasema.

"Nini?"

"Nimesema huyo hapana. Chukua mwingine, chukua Docus, nichukue mimi."

Zerida akaweka birika chini. "Nitafanya," akasema.

Nilimfuata jikoni alipokwenda kunawa mikono. Nilimshika kiwiko, kitu ambacho sikuwahi kumfanyia.

"Mama, usifanye hii kitu."

"Juu ya nini?"

"Unajua juu ya nini."

"Si ni muchezo?"

"Ni mchezo."

"Basi kama ni muchezo, unaogopa nini?"

Nikamwachia kiwiko.  Yeye akajifuta mikono kwenye kitenge, akapita pembeni yangu, akatoka.

Nuwamanya alimsimamisha mbele ya shimo akamfundisha. Jina la mwana ni Baluku. Utasema, Baluku mwanangu, mbingu zimekumeza. Kisha akasema lile neno ambalo mpaka leo nikilikumbuka nataka kumtafuta nimpige. Alisema, "Mama, hapana igiza. Fanya tu vile munafanya hapa kwenu. Sisi tutafuata."

Nikamwambia, "Bwana Nuwamanya, ukimwambia hivyo, atafanya."

"Ndiyo. Nataka afanye."

Haya. Walikuwa na mgomba wao walionunua sokoni, umelazwa kando, umefungwa kitambaa cha rangi ya fedha. Nuwamanya akasema tayari, na kimya kikaanguka. Zerida aliutazama mgomba ule, akauruka. Akaenda ukutani, akachukua panga lake, akaingia shambani. Okello akamfuata na kamera begani, na Drani nyuma yake na fimbo ya maikrofoni. Nuwamanya alinyoosha mkono kuwazuia, kisha akauacha.

Shamba lile mimi nimelipalilia. Nilijua anakwenda wapi. Alikwenda kwenye lile shina la pili kutoka mtoni, ambalo lilikuwa halijazaa bado, zuri, limenyooka. Tukasikia panga mara chache, kisha ule mlio wa majani yakianguka. Tsongo akavua kofia.

Wanaume waliubeba wakautoa. Zerida akaingia ndani ya nyumba, akatoka na blanketi la kahawia la kitanda cha mwanawe, na shati. Shati lile la mistari nililishona mimi. Kola yake niliirudia mara mbili kwa sababu Yonasani ana shingo nene. Alilivisha lile shina kwa subira, akapitisha mikono mitupu ya shati mbele, akaifunga, kama mtu anayemvalisha mtoto aliyelala. Mimi nilikuwa nimesimama na helmeti ya Huzaifa mkononi. Nilitaka kupiga kelele, na sauti haikutoka.

Wakaushusha shimoni. Zerida akapiga magoti.

"Yonasani," akasema.

 Nuwamanya aliangalia karatasi yake, akaiangalia tena.

"Yonasani, mutoto yangu. Nilikuita, haukuitika. Nilikuwekea chakula, haukuja kukula. Nilikataa bote juu yako, hata baba yako mudogo nilimukatalia. Sasa nimechoka, papa, mutoto yangu. Usitembee tena mu ile barabara ya Kasindi. Usiku iko baridi kule. Kuja ulale hapa kwa mama yako. Lala sasa. Nimekuachilia."

Akatupa udongo. Na Docus akapiga yowe, na wale waliokuwa wakicheka saa moja nyuma wakaanguka chini wote. Hicho hakikuwa kilio cha kamera. Walikuwa wamekiweka miaka minne, kila mmoja kwake, kwa sababu Zerida aliwanyima ruhusa ya kumlilia mtoto ambaye nao walimlea. Tsongo alilia kwa sauti, mzee mzima, mikono imening'inia. Wanaume wakashika majembe, wakafukia haraka haraka. Okello machozi yalimwagika mpaka ndevuni na kamera haikutikisika.

Nuwamanya alichelewa sana kusema kata. Aliposema, sauti yake ilikuwa ndogo, na hakuna aliyenyamaza kwa sababu yake.

"Haturudii," akamwambia Okello. "Hii haiwezi kurudiwa."

Hapo sauti yangu ikarudi.

"Utarudia," nikasema.

Akageuka. Nilikuwa nimeshamfikia.

"Amekosea jina. Karatasi inasema Baluku. Si umeandika Baluku? Shina lako la sokoni lile pale, halijaguswa. Hili litolewe, lile liingie, aseme Baluku, mbingu zimekumeza, kama ulivyoandika. Ukitoa hilo jina ni mchezo. Ukiliacha si mchezo tena. Rudia."

"Musoki, jina tutabadilisha kule studio. Sauti ya mtu mwingine—"

"Sizungumzii studio yako. Nazungumzia shimo."

Alinitazama bila kuelewa, kisha nikaona anaanza kuelewa. Aliangalia udongo uliofunika lile shati, akanitazama mimi. "Yonasani ni nani?" akauliza polepole.

"Ni bwana wangu."

Akashika kichwa. Ile amri yote ikamtoka, akabaki kijana tu wa watu. Alisema neno kwa Kinyankole, nadhani aliita mama yake. Sikuwa na muda wa kumhurumia. Nilimpokonya mtu jembe, nikaanza kufukua.

"Musoki," Tsongo akasema, "mutu hafukuliwi."

"Si mtu, baba. Ni mgomba. Nyote mmeuona, umetoka shambani, una utomvu. Bwana wangu yuko Kongo."

Nilipiga jembe, nikapiga tena. Udongo ulikuwa laini, bado haujashindiliwa, ungetoka kwa dakika chache. Wanaume walinijia, na Tsongo akawaashiria waniache. Hakuna aliyenishika. Zerida tu ndiye aliyekuja, akakunja kitenge chake, akakaa juu ya kaburi, pale pale jembe lilipokuwa linashuka. Niliusimamisha mpini hewani.

"Mama, toka."

"Wacha jembe. Keti."

"Siketi. Toka hapo."

"Basi simama, lakini unisikie." Alizungumza kwa sauti yake ile ile ya Jumamosi. "Bamwine wa Kitswamba alikuja hapa."

Sikutarajia hilo. Jembe likashuka kando.

"Alikuja kuniamkia. Hakuomba kitu. Alisema tu, mama, yule binti anazeeka akiangalia barabara. Nilimufukuza. Nilimuambia mukamwana yangu iko na bwana yake. Halafu Jumamosi ukakuja, ukainama kufunua sahani, nikaona mvi hapa." Akajigusa juu ya sikio. "Mimi niko muzee. Kungoja yangu itakwisha karibu, nitakufa nayo. Yako wewe iko murefu, na nani ataifunga? Ukoo niliukatalia na panga mbele ya batu bote, ningerudi kwao na uso gani? Hawa ba filamu bakakuja na shimo yao. Nikasema, labda ni Mungu."

"Nilikutuma?"

"Hapana."

"Nilikuomba? Siku moja nilikuambia, mama, nimechoka?"

"Haukusema."

"Basi kwa nini umeniulia bwana?"

Kilio cha wanawake kilikatika. Hata mimi nililisikia neno lile kama limesemwa na mtu mwingine. Zerida alifumba macho. Aliweka kiganja kwenye udongo pembeni yake, akaulainisha kidogo pale nilipokuwa nimechimba.

"Sikumuua," akasema. "Nimemulaza."

Niliangusha jembe. Nilichuchumaa mbele yake, nikamshika magoti yote mawili, na kiburi chote kikaniishia.

"Mama, tulikuwa wawili," nikamwambia. "Watu walisema nina wazimu, nikasema mbona mama yake anangoja, mama hawezi kukosea. Wewe ndiye uliyenisimamisha. Ukinitaka niolewe sijui na nani, ungeniambia, ningekuambia hapana, tungegombana, tungekula. Sasa nikija Jumamosi, nitakuja kungoja na nani?"

Alifungua mdomo kunijibu. Nilisubiri. Nilimsubiri kwa moyo wote, maana nilidhani lazima alifikiria hilo, mtu mwenye akili kama yeye.  Nikaona usoni mwake kwamba alihesabu mvi zangu, akahesabu umri wake, na hilo hakulihesabu. Kwa mara ya kwanza tangu asubuhi, Zerida akalia. Mbele ya kamera hakuwa ametoa chozi. Nilimwacha alie. Nilikuwa nimemkasirikia mno, na bado nilikuwa nimeshika magoti yake.

Nuwamanya akatujia, kofia mkononi. Akasema kama tunataka, Okello atafuta kila kitu mbele ya macho yetu, sehemu ya sita itaandikwa upya. Alikuwa anasema kweli, Okello alikuwa ameshaishusha kamera. Nikamtazama Zerida. Akatikisa kichwa.

"Usifute," akasema. "Mimi siwezi kumuzika mara mbili."

Nami sikumpinga, kwa sababu kufuta picha kungeondoa nini? Uwanja mzima ulikuwa umeona. Tsongo ameona. Mungu ameona.

Wakaanza kufungasha. Taa zikashushwa, nyaya zikaviringishwa, Drani akamsaidia Kukunda kushuka garini akaoshe ule unga kichwani. Nuwamanya akasimama katikati ya uwanja, akasema kwa adabu kwamba kazi imekwisha, anawashukuru wazee na akina mama, wanaweza kwenda nyumbani. Hakuna aliyeinuka. Docus alikuwa anapanga kuni zake. Mwanaume mmoja akaleta kaa la moto kutoka jikoni, na moto wa matanga ukawaka pale uani, jua likiwa bado juu ya milima. Wanawake wakatandika mikeka. Sufuria zikaanza kugongana. Nuwamanya aliwatazama, akaelewa kwamba hawakuwa wake tena.

Akanisogelea, hajui mikono aiweke wapi. "Musoki, kesho," akasema, "kesho Huzaifa anarudi. Kile kipande cha mwisho. Anaingia hapo getini."

Huzaifa alikuwa nyuma yake, amevaa nusu ya suti, nusu nyingine inaning'inia kiunoni. Kijana wa watu, macho mekundu.

"Mtafutieni mtu mwingine wa kumvalisha," nikasema. "Mimi siwezi kumfunga vifungo mtu anayerudi."

Nikampa helmeti. Akaipokea kwa mikono miwili.

Gari lao lilipokwisha kukata kona, nilibaki nimesimama karibu na geti. Ningeweza kwenda. Stendi ya Bwera haiko mbali, na magari ya Kasese yalikuwa bado yanaita. Ningelala kwangu, asubuhi niamke mke wa mtu, nani angeniuliza. Niliwaza hivyo kabisa. Lakini wanawake walikuwa wananiangalia. Kwetu mjane hukaa mkekani karibu na mama wa marehemu, miguu mitupu, na watu hawaanzi kuimba mpaka akae. Hakuna aliyeniita. Docus tu alisogea, akamsogeza na mwenzake, pakapatikana nafasi kubavuni mwa Zerida. Zerida hakuinua macho. Alikuwa ameweka mkono wake pale penye nafasi, ameufungua, unangoja.

Niliangalia barabara. Niliiangalia vizuri, upande wa mpakani, mpaka pale inapokata. Alikuwa anapita mtu na baiskeli yenye ndizi. Nilimtazama mpaka nikaona uso wake.

Kisha nikavua viatu, nikaenda nikakaa.